Moduli Tatu kwa Kompresa Moja

Ubavuni mwa kompresa kubwa ya mashine ya kupoza hewa kuna kifuniko cha bati chenye skrubu nne. Ukikifungua utaona nyaya nene za stima zikiingia kwenye motor, na kando yake kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Hiyo ndiyo moduli ya ulinzi. Wengi wenu mnaoanza kazi hii mnaichukia, maana kompresa ikigoma, mara nyingi ni hiyo imeizima. Mimi pia niliichukia. Leo nimestaafu, niko Kathiani na miti yangu ya maparachichi na magoti yanayolalamika kila nikipanda mlima, na nikikumbuka miaka yangu ya spana na bisibisi, sioni kifaa kingine kilichonipunguzia kiburi kama hicho.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ndani ya motor, katikati ya nyaya za shaba, watengenezaji wamefukia vipima joto vidogo kama punje za mtama. Motor ikipata joto kupita kiasi, ukinzani wa vile vipima unapanda ghafla, moduli inaona, inakata stima ya kuwasha kompresa. Motor ikipoa, inairuhusu tena. Haina maneno mengi, na huwezi kuihonga.

Aliyenifundisha ni Mzee Wambua, mtu wa Masii, mrefu, mpole, aliyetoa maneno polepole kama mtu anayekunywa chai ya moto. Nilipoenda kumwomba anichukue, mafundi wenzake walimwambia mwanamke hawezi kubeba kompresa. Akawajibu kwamba hata wao hawawezi, ndiyo maana kuna winchi. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya paa la jengo moja mjini Machakos, nimevaa ovaroli iliyonizidi kwa saizi mbili, nikiambiwa nitofautishe bomba la gesi baridi na la gesi moto kwa kugusa. Nilianza na lile la moto. Kovu bado liko.

Kwa Wambua nilifanya makosa mengi, lakini moja nitawaambia ili msilirudie. Kuna mita inayoitwa mega, ya kupima kama nyaya za motor zinavujisha stima, na inafanya hivyo kwa kusukuma mamia ya volti. Siku moja aliniachia motor niipime peke yangu. Nikapima zile nyaya nene tatu, zote nzuri. Halafu nikaona nyaya mbili nyembamba zimebaki, nikajiambia na hizi nazo zisibaguliwe. Nikaziunganisha, nikabonyeza.

Zile nyembamba ndizo za vipima joto. Vinataka mita ya kawaida yenye volti ndogo kabisa, ile ya betri. Nilivichoma vyote, na havitolewi wala kubadilishwa. Vimo ndani ya motor kama mbegu ndani ya boga. Wambua aliporudi na kupima, mita haikusoma kitu. Alivua kofia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema, “Sasa hii motor imekuwa kipofu, Ndunge.” Tukashuka kwa mwenye jengo. Nilitarajia anisukume mbele nijieleze. Alisema, “Tumeharibu kitu.” Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini ile “tu” yake ilinifanya nitazame sakafu.

Na kosa la pili, kwa kuwa najua mnapenda kucheka: moduli hazifanani. Kuna za volti ishirini na nne na kuna za volti mia mbili arobaini, na kwa sura ni mapacha. Maandishi yako ubavuni, madogo kama ya Agano Jipya la mfukoni. Nilifunga ile ya ishirini na nne mahali pa mia mbili arobaini, nikawasha, ikatoa moshi mwembamba, ulionyooka vizuri. Wambua aliutazama mpaka ukaisha, akaniuliza kama nilisoma au nilikisia. Baada ya hapo nilinunua miwani.

Sasa niwaambie ya Kalama.

Kando ya barabara ya kwenda Kalama kulikuwa na kituo cha kuangulia vifaranga. Meneja wake aliitwa Madam Kalekye, mama mfupi, mwepesi wa mwendo, ambaye alijua kila trei ya mayai imetoka wapi na inamngoja nani. Wakati huo Wambua alikuwa ameshastaafu amerudi kwake Masii, na mimi nilikuwa fundi wa kujitegemea. Kituo kilikuwa na kompresa mbili za kupoza chumba cha kuangulia. Moja ilikuwa imekufa, ikingoja kifaa kutoka Nairobi. Ya pili ndiyo iliyobeba kila kitu.

Huenda mnashangaa mayai yanataka baridi ya nini. Mwanzoni yanataka joto, kweli. Lakini kifaranga akikaribia kutoka anapumua na kutoa joto lake mwenyewe ndani ya ganda, na maelfu yao chumba kimoja ni jiko la mkaa. Usipoyapoza, yanaiva na vifaranga ndani.

Mara ya kwanza Madam Kalekye aliponiita, moduli ilikuwa imekufa kweli. Wafanyakazi walikuwa wakiosha ukuta kwa mpira wa maji, na maji yakaingia chini ya kifuniko. Nilifuata utaratibu: nikazima stima, nikafunga swichi kwa kufuli, nikachomoa zile nyaya nyembamba na kupima vipima joto. Vilisoma ohm mia chache, kama motor iliyopoa inavyotakiwa. Nikapima stima inayolisha moduli, ikawa sawa. Kama vipima ni vizima na stima inafika, na bado moduli imekata, basi yenyewe ndiyo mgonjwa. Nikafunga mpya, kompresa ikaamka, nikaenda nyumbani nikijipongeza.

Siku kumi baadaye akaniita tena. Kompresa ilikuwa inazima saa sita mchana, inarudi baada ya nusu saa, inazima tena. Nilipofika asubuhi yake ilikuwa imepoa, vipima vikasoma vizuri, stima kwenye swichi kuu ikasoma vizuri. Nikasema moduli mpya ni mbovu, kuna zinazotoka kiwandani zimekwisha kufa. Nikafunga nyingine. Angalieni nilichofanya hapo: kwa kuwa mara ya kwanza kosa lilikuwa la moduli, nikaamua kosa litakuwa la moduli milele.

Baada ya siku nne simu ikaja mapema, na safari hii Madam Kalekye hakunisalimu. Aliniambia nije sasa.

Nilikuta joto la Januari, lile linalofanya mabati yalie. Mayai yalikuwa siku ya kumi na tisa, zimebaki mbili tu yaanguliwe. Yote yaliyokuwa chumbani yalikuwa ya kikundi cha akina mama wa Masii, waliojenga vibanda, wakaweka taa na maranda, na kuchagua siku ya kuja kuchukua vifaranga wao. Wafanyakazi walikuwa wamefungua milango yote, wamening'iniza magunia yaliyolowa maji mbele ya feni, na Madam Kalekye alikuwa amesimama kwenye kipimajoto cha ukutani.

Fundi stima wa kituo alikuwa Musyoki, mtu wa makamo mwenye mikono mizuri na haraka nyingi. Nilimkuta tayari amefungua kifuniko cha kompresa, ameshika kipande cha waya alichokwisha kukichuna ncha mbili.

“Fundi Ndunge, hii kitu yako inatuua,” akasema. “Niiruke tu. Niko na waya hapa. Niunganishe moja kwa moja, kompresa ifanye kazi, haya mengine tutaongea vifaranga wakitoka.”

Madam Kalekye alinitazama. Uamuzi aliniachia mimi. Nilijua anachofikiria: moduli ya tatu imo mkobani mwa huyu mwanamke, na za kwanza mbili hazikusaidia.

Nitawaambia ukweli, nilitaka kumwachia Musyoki afunge ule waya. Ingekuwa rahisi. Kompresa ingewaka palepale, magunia yangeteremshwa, na mimi ningepumua. Lakini nimewahi kufungua kompresa iliyorukwa hivyo. Ilikuwa ya hoteli fulani, fundi mwingine aliiruka ili harusi isiharibike, na harusi haikuharibika; motor iliungua wakati wa keki. Mafuta yake yalikuwa meusi kama lami na harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu siku tatu. Kule hotelini wageni walitokwa jasho, wakacheza tu. Hapa Kalama hakukuwa na kompresa nyingine ya kukimbilia.

Nikamwambia Madam Kalekye kwamba tukiiruka tunaweza kupata saa moja, pengine mbili, halafu tukose kabisa kwa wiki nzima. Nikamwomba anipe muda wa motor kupoa.

“Muda gani?”

“Nusu saa, Madam.”

Alitazama kipimajoto. “Nusu saa,” akasema, akaenda kuwaambia wafanyakazi waongeze maji kwenye magunia.

Nikachomoa nyaya nyembamba na kupima. Safari hii nilikuwa nimefika motor ikiwa bado moto, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mita ilisoma maelfu ya ohm. Nikaweka kiganja kwenye mwili wa kompresa, nikakiondoa haraka. Basi motor ilikuwa inaungua kweli, na moduli ilikuwa inasema kweli. Ile niliyoitoa mara ya pili nikiiita mbovu ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imo mkobani mwangu, imefungwa kwa gazeti. Nilihisi aibu ikipanda kutoka shingoni.

Lakini kwa nini motor iungue? Nilipima gesi, presha zilikuwa sawa. Kondensa, ile ya kutoa joto nje, ilikuwa safi, feni zilizunguka. Nikatoka nje, nikampigia Mzee Wambua. Alipokea akiwa shambani, nilisikia mbuzi. Nilimweleza yote.

“Hiyo stima,” akasema, “uliipima ikiwa kazini ama ikiwa imelala?”

“Imelala, mzee. Kompresa ilikuwa imezima.”

“Tabia ya mtu utaijuaje akiwa amelala?”

Nikamshukuru, nikarudi ndani karibu nikikimbia.

Kupima stima mashine ikiwa kazini si mchezo, na msijaribu kama hamjafunzwa. Nilirudisha zile nyaya nyembamba mahali pake, nikavaa glavu na viatu vya raba, nikamweka Musyoki kwenye swichi kuu, mkono juu yake, nikamwambia nikipiga kelele asiulize kwa nini. Motor ilipopoa moduli iliachia yenyewe, kompresa ikaanza kunguruma, na chumba kizima kikashangilia, wakidhani nimetengeneza. Sikuwa nimetengeneza kitu. Nilisimama mbele ya sanduku la kontakta, ile swichi kubwa inayoipelekea motor stima, nikapima fezi, yaani zile njia tatu za stima, moja baada ya nyingine pale inapotoka. Ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu ilikuwa imeshuka sana, na kadiri nilivyoitazama iliendelea kushuka.

Motor ya fezi tatu ni kama jeneza linalobebwa na watu watatu. Mmoja akilegea, wawili wanabeba mzigo wake, na wanatoka jasho. Hiyo fezi ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiunguza ile motor.

Nikamwambia Musyoki azime, tukafunga swichi, nikafungua kontakta. Ndani yake, kwenye mguso wa tatu, pale chuma hukutana na chuma kupitisha stima, kulikuwa na kitu kama pamba iliyoungua. Nilikitoa kwa koleo ndogo. Musyoki akakichukua, akakivunja kwa vidole, akanusa.

“Haya ni manyoya,” akasema.

Yalikuwa malaika ya vifaranga, yale manyoya laini wanayotoka nayo ndani ya ganda. Katika kituo kama kile yanaelea hewani kila siku kama vumbi. Yalikuwa yameingia kidogo kidogo, yakajibana kati ya miguso, yakaungua, yakaacha masizi, na masizi yakaufanya mguso uwe moto na kuliwa kama jino bovu.

Tukatazamana. Sanduku la kontakta linatakiwa liwe limefungwa kabisa. Yameingilia wapi? Nikalizunguka kwa tochi. Upande wa chini kulikuwa na tundu la duara, kipenyo cha kidole gumba, na waya mmoja mwembamba ukipita katikati yake. Nilikuwa nimelitoboa mwenyewe siku ile ya kwanza. Moduli mpya ilikuwa na waya uliotaka kupita njia nyingine, na sikuwa na raba ya kuziba tundu, nikasema nitarudi nayo. Sikurudi nayo.

Musyoki aliliona tundu, akaniona nikiliona. Hakusema kitu. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alienda kwenye sanduku la ile kompresa iliyokufa, akalifungua, akarudi na kontakta yake mikononi, safi kama mpya.

“Hii haina kazi kule,” akasema. “Tufunge.”

Tulifunga pamoja, yeye juu na mimi chini, bila kugombana hata mara moja, nadhani kwa sababu hatukuwa na nafasi. Tulibana kila skrubu mara mbili. Lile tundu nililiziba kwa kipande cha raba nilichokikata kwenye kandambili kuukuu ya mlinzi, naye aliitoa bila kinyongo. Tukawasha. Nikapima fezi zote tatu mashine ikiwa kazini: sawa, sawa, sawa. Saa tisa hivi ilikuwa ingali ikinguruma, na niliweza kuweka kiganja kwenye kompresa na kukiacha pale.

Sitaki mdhani kila yai lilipona. Trei za juu kwenye mashine moja ya kuangulia, zile zilizokuwa karibu na dari, zilipotea karibu zote. Zilizobaki zilivumilia. Siku mbili baadaye akina mama wa Masii walikuja na pikapu na maboksi yenye matundu, wamevaa leso zao nzuri kama wanaokwenda kumposea mtu, na kelele za vifaranga zilisikika mpaka barabarani. Mwenyekiti wao alinishika mkono akaniambia muvea, mwaitu, muvea muno, asante sana mama, na sikujua pa kuweka uso.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Ile saa tisa, kompresa ikiendelea vizuri, nilifunga mkoba. Madam Kalekye alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, akinywa maji kwa mara ya kwanza siku hiyo. Musyoki alikuwa nje akiosha mikono. Ningeweza kupita nikapunga mkono. Hakuna ambaye angeuliza manyoya yalipita wapi. Katika kituo cha vifaranga nani anauliza manyoya yanatoka wapi? Musyoki alijua, lakini nilikuwa nimemwona akinyamaza, na nilijua ataendelea kunyamaza.

Nikaingia. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia kosa lilikuwa kwenye kontakta na kwamba moduli ile ya pili haikuwa na haja ya kutolewa, ilikuwa nzima na mimi ndiye niliyeihukumu bila kupima motor ikiwa moto. Halafu nikamwambia kuhusu lile tundu. Nilimwambia nani alilitoboa na nani alisema atarudi kuliziba.

Aliweka gilasi chini, akaizungusha kidogo mezani. Nilianza kufikiria jinsi ya kushuka mpaka barabarani bila kukutana na watu.

“Fundi aliyekuwa kabla yako,” akasema mwishowe, “aliniambia ni watu wa stima. Yule wa kabla yake akasema ni hali ya hewa. Mmoja aliniambia kuna mtu ametuchezea.” Akasukuma gilasi kando. “Wewe ndiye wa kwanza kuja hapa kuniambia ni wewe.”

Nikasema, “Ndiyo, Madam.”

“Ile kompresa iliyokufa, kifaa chake kinafika kesho kutoka Nairobi, na kontakta mpya nimeagiza. Njoo saa mbili uvifunge. Na ukague matundu yote, yako na ya wengine.”

Nilifika saa moja na nusu.